Maji ya Paa Lako Yaangukia Wapi?

Tangu Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na mji wa Bariadi ukawa makao yake makuu, watu wamezidi kujenga, na nyumba zao zimebadilika sura. Nyumba tulizozizoea mijini zilikuwa na paa la vipaa viwili au vinne, vikiteremka kutoka mgongo mmoja wa juu. Nyumba mpya, ambazo mafundi huziita za kontemporari, aghalabu zina kipaa kimoja tu. Bati limeinuliwa upande mmoja na kushushwa upande wa pili, na mara nyingi limefichwa nyuma ya kuta zilizopandishwa, hata mpita njia hudhani kwamba nyumba haina paa kabisa.

Vijana wazipenda nyumba hizi, na wazee wengine huzicheka. Sisi hatukuja kusifu wala kulaumu, kwani uzuri wa nyumba ni halali kwa mwenye kuuweza bila ya israfu wala deni la kumvunja mgongo. Twataka kuuliza swali moja tu, ambalo kila baba na kila mama mwenye nia ya kujenga yampasa aliulize kabla ya kununua bati la kwanza: Je, maji ya paa lako yataangukia wapi?

KIPAA KIMOJA SI KITU KIGENI

Mtu asidhani kwamba paa la mteremko mmoja limetoka ng'ambo juzi. Lugha yetu ina neno kipenu, nacho ni kijumba kilichoegemezwa ukutani na paa lake hushuka upande mmoja. Jiko la uani, banda la mbuzi na kibanda cha sokoni vimeezekwa hivyo miaka mingi. Lililo jipya ni kukitoa kipaa hicho uani na kukiweka juu ya nyumba nzima.

Mababu wa Kisukuma walijenga msonge, nyumba ya duara yenye paa la nyasi lililochongoka juu, na mfano wake huonekana katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Paa hilo liligawa maji pande zote, kidogo huku na kidogo huku, na upenu wake ulishuka chini sana ukaukinga ukuta wa udongo na mvua na jua.

Huko Unguja, wajenzi wa Mji Mkongwe walifanya njia nyingine. Walilaza boriti za mikoko, wakapanga mawe na kumimina chokaa juu yake, paa likawa bapa. Lakini mvua za pwani ni nyingi, na paa bapa huvuja; kwa hiyo nyumba nyingi zikaja kuezekwa mabati ya mteremko juu ya paa lile la kwanza. Hata Al-Kaaba tukufu, ambayo paa lake ni bapa, haikuachwa bila ya njia ya maji. Inao mfereji uitwao mizabu, nao humwaga maji ya mvua mahali pamoja panapojulikana, ndani ya Hijri Ismail.

Basi tazama, msomaji mpenzi: kila mjenzi mwenye akili, kwa zama zake na nchi yake, alijua maji yake yanakwenda wapi kabla hayajaanguka.

HESABU YA MAJI

Sasa tufanye hesabu ndogo, ambayo hata mtoto wa darasa la tano ataiweza. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huwa ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina paa la mita za mraba 120. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 30 kwa alasiri moja, paa hilo litapokea lita 3,600, yaani ndoo 180 za lita 20.

Kama paa lina vipaa viwili vilivyo sawa, kila upande utashusha ndoo 90. Kama ni kipaa kimoja, ndoo zote 180 zitashuka upande mmoja, katika muda mchache. Hapo ndipo ilipo khatari yake, na hapo ndipo ilipo neema yake.

Khatari ni hii. Sehemu nyingi za Simiyu zina udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji yakimwagwa kila mwaka chini ya ukuta mmoja, udongo wa upande ule utavimba na kunywea kuliko wa pande nyingine, na ukuta utapata nyufa. Tena mwenye nyumba akiwa amesogeza ukuta wa nyuma hadi karibu na mpaka, maji hayo hayatakuwa shida yake peke yake. Yataingia katika uwanja wa jirani, na huenda jirani huyo ni mjane au mzee mwenye nyumba ya tofali za udongo.

HAKI YA JIRANI

Jambo hili dini yetu haikulinyamazia. Kanuni mashuhuri ya sharia, iliyotokana na maneno ya Mtume (s.a.w.), ni kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara. Ukuta ni wako na paa ni lako, lakini maji yakivuka mpaka yameingia katika haki ya mwingine.

Yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, katika ukhalifa wake, alikuwa akienda msikitini siku ya Ijumaa, akapita chini ya mfereji wa paa la nyumba ya Abbas, ami yake Mtume. Maji yaliyochanganyika na damu ya vifaranga waliochinjwa yakamwangukia nguoni. Akaamuru mfereji ung'olewe, kwa kuwa ulikuwa juu ya njia ya watu. Abbas akamjia na kumweleza kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka pale. Umar hakuona haya kurejea. Akamtaka Abbas apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. Mfereji mmoja wa paa ulimshughulisha Khalifa wa Waislamu. Basi sisi ni nani hata tuuone kuwa ni jambo dogo? Na haki ya mpita njia ilitazamwa, na haki ya mwenye nyumba pia ikatazamwa.

MAMBO YA KUMWAMBIA FUNDI

Kwanza, mteremko. Bati la migongo lililopandiana halifai kulazwa karibu na ubapa. Ni bora lishuke sentimita 18 hivi kwa kila mita 1. Kwa nyumba ya upana wa mita 10, upande wa juu utauzidi wa chini kwa karibu mita 1.8. Wengi hupunguza mteremko ili kuta za kufichia zisiwe ndefu, na nyumba huanza kuvuja mapema. Kipaa kimoja kweli hupunguza kofia za bati, lakini kuta hizo hula tofali na saruji. Basi usidanganyike kwamba umejenga kwa bei rahisi, wala usiiibe akiba kutoka kwenye mteremko.

Pili, mfereji uliofichwa. Paa likiwa nyuma ya ukuta, maji hukusanyika katika mfereji wa ndani. Majani, vumbi na viota vya ndege vikiuziba, maji hayana pa kwenda ila darini. Mwambie fundi aweke bomba pana la kushushia, na tundu la pili juu kidogo ukutani, ili la kwanza likiziba maji yatoke nje. Na kabla ya mvua za vuli kijana mmoja wa nyumbani apande akausafishe.

Tatu, jua na upepo. Nyumba hizi hazina upenu, na kuta zao hupigwa na jua la asubuhi na la jioni. Ukiweza, zielekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, na uweke vibaraza juu ya madirisha. Kenchi zifungwe barabara katika lenta, kwani upepo huingia chini ya upande ulioinuka.

Nne, na hili ndilo kubwa, tangi. Bariadi hupata miezi mingi ya kiangazi, na katika vijiji vingi wanawake na watoto huamka mapema kufukua maji katika mchanga wa mito iliyokauka. Watu 6 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 15,000 litawatosha siku 125, yaani miezi minne na zaidi. Paa letu la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, na hata tukipunguza sehemu moja katika tano kwa yanayopotea, litatoa zaidi ya lita 76,000. Basi kipaa kimoja, kwa kuwa chakusanya maji yote upande mmoja, chafaa sana kwa kuvuna mvua: gata moja, bomba moja, tangi moja. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, na tangi lifunikwe vizuri mbu wasizaliane.

Enyi vijana mnaoonyeshana picha za nyumba katika simu zenu, picha huonyesha rangi ya ukuta wa mbele. Haionyeshi ukuta wa nyuma, ambako maji huanguka na jirani huishi. Chora nyumba yako kuanzia huko nyuma. Panga mahali pa tangi kwanza, kisha mpaka wa jirani, kisha ndipo uchague rangi ya mbele. Nawe jirani akija na ndoo wakati wa kiangazi, usimrudishe mikono mitupu, kwani maji yale yalishuka kutoka kwa Mola kabla hayajafika katika bati lako.

Wa billahi taufiq.