Somo la Usanifu na Mawasiliano ya Picha katika Shule ya Sekondari: Nafasi ya Kiswahili

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja. Mwanafunzi wa sekondari anayejifunza kusanifu mabango, nembo na matangazo hujifunza mara nyingi kwa mifano ya Kifaransa, lakini mjini Lubumbashi wengi watakaolitazama bango lake huzungumza Kiswahili. Tutaonyesha kwamba lugha hiyo ni sehemu ya vifaa vya kazi yake, sawa na rangi na karatasi.

1. Tulikotoka

Mji huu una historia ndefu ya kufundisha sanaa. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Humo walitokea Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Mwaka 1951 Laurent Moonens, Mbelgiji, alianzisha chuo cha sanaa katika mji huohuo.

Baadaye walikuja wachoraji wa mitaani, waliouza kazi zao kwa watu wa kawaida. Mashuhuri miongoni mwao ni Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian historia ya nchi kwa picha zaidi ya 100. Wachoraji hao na wanunuzi wao walikuwa na neno lao la Kiswahili kwa kazi ya picha: ukumbusho. Picha ilitundikwa sebuleni, mgeni akaiuliza, mwenye nyumba akasimulia. Basi picha ilikamilishwa na maneno.

Bango halina mwenyeji wa kulisimulia. Limesimama peke yake sokoni au mlangoni pa zahanati, na lisipoeleweka, kazi imeharibika hata rangi zikipendeza namna gani. Hapo ndipo usanifu unapotofautiana na uchoraji.

2. Herufi

Kiswahili hukusanya katika neno moja yale ambayo Kifaransa huyasema kwa maneno kadhaa. Tuchukue tangazo hili: «Watoto hawaruhusiwi kuingia». Neno hawaruhusiwi lina herufi 12, na Kifaransa huhitaji maneno matano kulieleza. Msanifu wa Kifaransa huyapanga maneno yake matano katika mistari apendavyo. Wetu ana neno moja refu: ama alipatie nafasi ya kutosha, ama alikate. Akilikata, na akate penye silabi: hawaru-husiwi. Akiandika hawar-uhusiwi, msomaji atakwama.

Aliyezoea kukata maneno ya Kifaransa ataandika wanafun-zi, ilhali silabi zetu ni wa-na-fu-nzi. Vilevile katika neno ng'ombe, alama iliyo juu si pambo la kuondolewa ili mstari upendeze. Ni sehemu ya sauti yenyewe.

Kuna jambo jingine lisiloangaliwa sana. Herufi K na W ni adimu katika maneno ya Kifaransa. Kwetu zimejaa, kwa kuwa wa-, ki-, ku- na kwa hurudi kila mara. Herufi W ni pana kuliko nyingi. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi ya herufi kwa maneno ya Kifaransa tu ameizoea kidogo mno ile atakayoichora kila siku.

3. Picha na mpangilio

Tuseme bango la kuhara lina picha tatu kutoka kushoto kwenda kulia: mtoto mgonjwa, mtoto anayenyweshwa maji yenye sukari na chumvi, mtoto mzima. Aliyesoma shuleni ataanzia kushoto. Asiyezoea kusoma hafungwi na desturi hiyo. Huenda akaanzia kulia, akaelewa kwamba mtoto alikuwa mzima, akanyweshwa maji yale, akaugua. Bango lililokusudiwa kuokoa litakuwa limemtisha mama asimpe mwanawe dawa. Namba, mishale, au kupanga picha kutoka juu kwenda chini hupunguza hatari hiyo, lakini hakuna kinachozidi kulijaribu bango mbele ya watu.

4. Zoezi kwa darasa

Mwalimu awape wanafunzi ujumbe mmoja mfupi wa Kiswahili, kwa mfano «Chemsha maji ya kunywa». Kila mmoja asanifu bango lake, kisha alipeleke mtaani na kuwauliza watu watatu swali moja tu: «Bango hili lakuambia ufanye nini?» Asiwaeleze lolote. Majibu ayaandike jinsi yalivyosemwa, arudi darasani alirekebishe bango. Maksi zitolewe kwa marekebisho hayo pia, wala si kwa uzuri wa mchoro peke yake. Kwa njia hii mwanafunzi atagundua kwamba msomaji ndiye mwamuzi wake wa kwanza.

5. Hitimisho

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Heshima hiyo ionekane pia darasani. Hatusemi Kifaransa kiachwe. Mwanafunzi atakihitaji katika mtihani na katika vitabu. Twasema mwalimu wa uchoraji na mwalimu wa lugha wakae pamoja, kwani silabi, herufi na mpangilio wa picha ni kazi yao wote wawili. Kijana atakayehitimu bila kujifunza hayo atakuwa fundi mwenye mkono mwepesi, lakini watu wa mtaa wake watalipita bango lake bila kuambiwa kitu.