KWA NINI BASI HALIWEZI KUSIMAMA PAPO HAPO?

Ndugu msomaji, kama kijiji chako kimepitiwa na barabara ya lami, bila shaka umewahi kuliona jambo hili. Mama mwenye ndoo kichwani anafika kando ya barabara. Basi linakuja kwa mbali. Mama analitazama, anapima kwa jicho, kisha anavuka. Ukimwuliza kwa nini hakungoja, atakujibu: "Dereva ameniona. Ana breki, atasimama."

Ni kweli dereva amemwona. Ni kweli breki anazo. Lakini breki hazisimamishi basi mara moja. Breki hupunguza mwendo wa basi kidogo kidogo, na wakati huo wote basi linazidi kuja mbele.

Je, basi litakuja mita ngapi kabla ya kusimama? Jambo hili linahesabika. Hesabu yake ni ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu, na wewe unayesoma gazeti hili unaiweza.

KUPIMA KASI KWA JIWE NA KAMBA

Kwanza tuelewane juu ya neno kasi. Kasi ni umbali ambao kitu kinakwenda kwa muda fulani. Mtu mzima akitembea kwa kawaida hupita kilomita 5 hivi kwa saa moja. Huyo kasi yake ni kilomita 5 kwa saa.

Lakini ajali haingoji saa nzima. Ajali hutokea kwa sekunde. Kwa hiyo tuigeuze kasi ya basi iwe ya mita kwa sekunde. Tuseme basi linakwenda kilomita 72 kwa saa. Kilomita 72 ni mita 72,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 72,000 kwa 3,600. Utapata 20. Basi hilo linapita mita 20 kila sekunde. Kabla hujamaliza kutamka "Shikamoo, baba," limekwisha pita urefu wa nyumba mbili.

Huna saa ya mkono? Hakuna neno. Chukua uzi mwembamba na jiwe dogo. Funga jiwe, kisha tundika uzi kwenye tawi. Urefu kutoka kwenye tawi mpaka katikati ya jiwe uwe mita 1 kamili. Vuta jiwe kando kidogo tu, upana wa kiganja, uliachie. Likitoka upande huu mpaka upande wa pili ni sekunde 1. Likirudi ni sekunde 1 nyingine. Jiwe liwe zito au jepesi, hesabu ni ile ile. Kinachotawala ni urefu wa uzi.

Sasa watu wazima wawili wanaweza kupima mabasi. Pimeni mita 100 kando ya barabara, mbali kidogo na lami, na msimamishe kijiti kila mwisho. Basi likifika kwenye kijiti cha kwanza, anzeni kuhesabu. Nchini Tanzania sheria inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa linapopita penye makazi palipowekwa kibao. Gari linaloitii sheria hiyo litatumia sekunde 7 au zaidi kupita mita zenu 100. Likitumia sekunde 5, linakwenda kilomita 72 kwa saa. Watoto wasiifanye kazi hii peke yao.

NAZI INAPOANGUKA

Sasa tuache barabara kidogo, twende chini ya mnazi. Tutarudi.

Nazi ikikatika juu ya mnazi, haianguki kwa kasi moja. Inaanza pole pole. Kila sekunde inayopita, kasi yake inaongezeka kwa mita 10 kwa sekunde, hivi. Katika sekunde ya kwanza nazi inashuka mita 5. Katika sekunde ya pili inashuka mita 15. Kama ingekuwapo nafasi ya sekunde ya tatu, ingeshuka mita 25.

Zitazame hesabu hizo: 5, 15, 25. Ni sawa na kusema 1, 3, 5, kila moja mara tano. Aliyeugundua mpango huu ni mtaalamu wa Italia aliyeitwa Galileo, aliyezaliwa mwaka 1564. Zamani zile hapakuwa na saa ya kupima kitu kinachoanguka, maana kinakwenda upesi mno. Galileo akafanya hila nzuri. Alichukua ubao mrefu, akauchonga mfereji mwembamba, akauinamisha kidogo, kisha akaviringisha mpira wa shaba ndani yake. Mpira ukateremka pole pole, akaweza kuupima. Saa yake ilikuwa maji. Aliyaacha yatiririke kutoka chombo kikubwa kwa mrija mwembamba, kisha akayapima uzito. Maji mengi, muda mrefu. Maji machache, muda mfupi. Kitabu chake chenye mambo hayo kilitoka mwaka 1638.

Wewe unaweza kufanya kama yeye kwa mwanzi mrefu uliopasuliwa na gololi moja. Inamisha mwanzi kidogo sana. Utaona gololi inavyochelewa mwanzoni na inavyokimbia mwishoni.

Turudi kwenye nazi yetu. Tuseme mnazi una urefu wa mita 20. Nazi itafika chini baada ya sekunde 2. Itakuwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde. Kasi hiyo umekwisha kutana nayo. Ni kilomita 72 kwa saa, ile ile ya basi letu.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba abiria aliye ndani ya basi linalokwenda kilomita 72 kwa saa, likigonga mbuyu, ni kama mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 20. Hakuna anayekubali kuruka kutoka kileleni mwa mnazi. Lakini tukiwa kwenye kiti hatusikii urefu huo, kwa sababu basi linakwenda mbele, haliendi chini. Kwa kilomita 50 kwa saa, urefu ni karibu mita 10. Kwa kilomita 36 kwa saa, ni mita 5, yaani mwembe mdogo. Umeona? Kasi imepungua nusu, kutoka 72 mpaka 36, lakini urefu haukupungua nusu. Umepungua mara nne.

BREKI NI NAZI ILIYOGEUZWA

Basi linapofunga breki, mambo ya nazi yanakwenda kinyume. Nazi huongeza kasi kila sekunde. Basi hupunguza kasi kila sekunde. Kwenye lami kavu, basi lenye breki nzima na matairi mazuri linaweza kupunguza mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Tuichukue hesabu hiyo.

Basi letu lina kasi ya mita 20 kwa sekunde. Dereva amekanyaga breki. Baada ya sekunde moja kasi ni 15. Baada ya mbili ni 10. Baada ya tatu ni 5. Baada ya nne limesimama. Katika sekunde ya kwanza limekwenda mita 17 na nusu. Katika ya pili, mita 12 na nusu. Katika ya tatu, 7 na nusu. Katika ya nne, 2 na nusu. Jumlisha. Utapata mita 40.

Sasa mfikirie dereva mwingine anayekwenda mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Yeye hana zile sekunde mbili za kwanza. Ana mbili za mwisho tu: mita 7 na nusu, na mita 2 na nusu. Jumla mita 10. Yule mwenye kasi mara mbili ametumia mita 40, mara nne zaidi. Zile sekunde za mwanzo ndizo zinazokula barabara.

Bado hatujamaliza. Mguu wa dereva hauko kwenye breki wakati wote. Lazima macho yaone, akili iamue, mguu uhame. Hiyo ni kama sekunde 1 kwa dereva aliye macho. Aliyelewa, aliyechoka au anayechezea simu huchukua zaidi. Katika sekunde hiyo basi halipunguzi hata kidogo. Kwa kilomita 72 kwa saa, linakula mita 20 za bure. Kwa hiyo 20 na 40 ni mita 60. Hizo ndizo mita anazohitaji dereva mzuri, mwenye basi zima, kwenye lami kavu.

Ukitaka kuziona mita 60 kwa macho yako, nenda ukazipime kwa hatua ndefu 60 kwenye uwanja wa mpira. Wengi wakifanya hivyo hushangaa. Walidhani ni mita kumi au kumi na tano.

MTOTO NA MPIRA

Tuseme mtoto amekimbilia mpira barabarani. Amejitokeza mita 35 mbele ya basi. Tuwaweke madereva wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Wote wana macho mazuri na breki nzima.

Dereva wa kwanza anakwenda kilomita 50 kwa saa, kama kibao kinavyosema. Sekunde ya kuamua inamla mita 14. Breki zinamla mita 19. Jumla 33. Basi linasimama, na mbele yake zimebaki mita 2. Mtoto analia kwa hofu, lakini mzima.

Dereva wa pili anakwenda kilomita 72 kwa saa. Amechelewa, anataka kufidia muda. Sekunde ya kuamua inamla mita 20. Zimebaki mita 15 tu za kufunga breki. Basi linapofika pale alipo mtoto, bado lina kasi ya kilomita 57 kwa saa.

Rudia kusoma hapo, ndugu. Mahali ambapo dereva wa kwanza amekwisha simama kabisa, wa pili anapita kwa kasi kuliko aliyokuwa nayo mwenzake kabla hajakanyaga breki. Watu wakikusanyika watasema, "Alikuwa anakimbia kidogo tu." Ndicho kidogo chenyewe hicho.

Kwa hiyo abiria wanapomhimiza dereva, "Kanyaga, suka, tunachelewa!" wajue wanachoomba. Kati ya kilomita 50 na 72 kwa saa, katika kupita kijiji chenye urefu wa kilomita 1, anaokoa sekunde 22. Ni muda wa kufungua mfuko na kutoa nauli.

MVUA IKINYESHA

Hesabu zote hizo ni za lami kavu. Lami ikilowa, tairi hazishiki vizuri. Mita za kufunga breki zinaweza kufika mara mbili. Zile 40 zikawa 80, na ukiongeza 20 za kuamua ni mita 100. Tairi lililokwisha meno huteleza zaidi. Changarawe nyembamba juu ya njia ngumu nayo huteleza. Lori lililojaa magunia likishuka mlima mrefu, breki zake hupata moto na kushika vibaya, na dereva hana la kufanya. Ukisikia honi ndefu ya lori mteremkoni, usitafute sababu. Toka njiani.

UPANDE WA ANAYEVUKA

Madereva wana makosa yao, lakini sisi wa miguu tunaweza kuhesabu pia. Barabara nyingi za lami zina upana wa mita 7 hivi. Mtoto au mzee anayekwenda mita 1 kwa sekunde atakuwa barabarani kwa sekunde 7. Katika sekunde hizo, basi la kilomita 72 kwa saa linapita mita 140. Maana yake, akianza kuvuka wakati basi liko mita 140 mbali, watakutana pale pale anapomaliza kuvuka. Anahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo. Mita 200 ni nzuri zaidi.

Pimeni mita 200 kila upande wa mahali mnapovukia. Kama kuna kona, mlima au kichaka kinachofunika macho kabla ya mita hizo, hapo si pa kuvukia, hata kama njia ya kisimani inapita hapo tangu zamani. Fyekeni kichaka, au hamisheni njia. Wazazi wa shule iliyo karibu na barabara wanaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja.

Mvukaji mwingine hatazami upande wa pili. Anangoja basi lipite, halafu anakatiza nyuma yake papo hapo. Pikipiki inayotoka upande wa pili haimwoni, naye haioni, mpaka imefika.

Na usiku je? Wewe unaziona taa za gari zikiwa mbali sana, pengine kilomita nzima. Unadhani dereva naye anakuona. Lakini mtu wa miguu hana taa, na mwenye nguo nyeusi huonekana akiwa karibu sana. Zile mita 60 za kusimama zinaanza kuhesabiwa pale dereva alipokuona wewe, si pale wewe ulipoziona taa zake. Anayelazimika kutembea usiku avae kanga au shati jeupe, au ashike tochi iliyowashwa, na atembee upande wa kulia ili magari ya upande wake yamjie usoni.