Vuli Haina Tarehe: Kuitembelea Mara Kati ya Oktoba na Desemba

Kalenda ya utalii na kalenda ya likizo za Watanzania haziivi chungu kimoja. Kampuni za safari huisifia Serengeti ya Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa fupi, barabara kavu na wanyama wamejikusanya penye maji. Familia ya Dodoma au Dar es Salaam hupata nafasi shule zinapofungwa Desemba, wakati ndugu wa Musoma wameshaanza kuuliza mnakuja lini. Hapo vuli inaweza kuwa imekolea. Inaweza pia kuwa haijafika, au ilinyesha wiki mbili ikakata.

Mgeni anayetoka Ulaya huchagua msimu. Mwenyeji hupangiwa na mwajiri wake na wizara ya elimu. Kwa hiyo ushauri wa "epuka miezi ya mvua" haumsaidii sana mtu mwenye siku saba za Desemba na hamu ya kuwaonyesha watoto Butiama, ziwa na Serengeti kwa safari moja. Anachohitaji ni kuelewa vuli inavyofanya kazi katika mkoa wa Mara, kona hii ya nchi, kisha apange kwa kuifuata.

Chanzo chake kiko mbali. Ukanda wa mawingu ya mvua, pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hulifuata jua. Kati ya Machi na Mei hupita ukielekea kaskazini, ndiyo masika. Kati ya Oktoba na Desemba hurudi kusini, ndiyo vuli. Masika kwa kawaida huleta maji mengi zaidi, na kiasi chake hakipishani sana mwaka hadi mwaka. Vuli ndiyo yenye vituko, na mwenye kuiendesha ni Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa magharibi yakipata joto kuliko kawaida huku ya upande wa Indonesia yakipoa, unyevu mwingi huelekea Afrika Mashariki na vuli hufurika. Hali ikigeuka, mawingu hubaki mashariki, huku wakulima wetu wakisubiri. El Niño mara nyingi huipa nguvu hali ya kwanza, na La Niña huipa nguvu ya pili.

Mifano ipo na wengi wanaikumbuka. Vuli ya 1961 ilikuwa kubwa kiasi kwamba Ziwa Victoria lilianza kupanda na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita mbili. Ya 1997 ilikata barabara na reli katika sehemu nyingi za nchi. Ile ya 2019 iliandaa njia ya rekodi nyingine, kwani Mei 2020 ziwa lilikizidi kidogo kiwango cha 1964, na kuta za bustani kadhaa za ufukweni zikawa ndani ya maji. Vuli ya 2023 ndiyo iliyokuja na maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3. Katikati ya hizo ziko vuli za 2005, 2016 na 2022, ambamo maeneo mengi yalipata matone. Watu wawili walioingia Bunda tarehe 20 Novemba, mmoja 2019 na mwingine 2022, wakirudi nyumbani wangebishana kama kweli walikuwa mkoa mmoja.

Juu ya hayo yote lipo ziwa, nalo lina hali ya hewa yake.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, eneo linalotosha kutengeneza mvua bila kuomba ruhusa ya bahari. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, basi upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Upande wa Mara upepo huo hugongana na pepo kuu zinazotoka mashariki, na mawingu hujengeka juu ya vilima kuanzia adhuhuri. Ndiyo maana radi za Butiama na Bunda hupendelea alasiri na jioni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hushuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa hukutana katikati na kupanda, na dhoruba kali huzaliwa juu ya maji kati ya usiku wa manane na alfajiri. Kwa kuwa pepo kuu zinatoka mashariki, dhoruba hizo husukumwa kuelekea Kagera. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma, ufukweni mwa ziwa lilelile, haifikii nusu ya hizo.

Hapa programu za simu huwapotosha wengi. Mtu hufungua simu yake Arusha, anaona picha ya wingu na radi kwa siku zote kumi zijazo za Musoma, anaahirisha safari. Ile picha mara nyingi ina maana ya mvua ya saa moja au mbili, alasiri, katika baadhi ya maeneo. Asubuhi nyingi za Novemba mjini Musoma ni safi kabisa, na hewa iliyooshwa na mvua huonyesha visiwa ambavyo Agosti hufichwa na ukungu wa vumbi na moshi.

Usafi huo usimdanganye mtu kuhusu ziwa lenyewe. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya, ilitumbukia ziwani. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo la upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili. Likitolewa, mgeni mwenye ndoto ya kwenda kisiwa cha Lukuba kwa boti, au kuvuka na kivuko kutoka Kisorya, wilayani Bunda, kwenda Ukerewe, angoje siku nyingine. Siku tulivu zipo za kutosha. Jaketi la kuokolea livaliwe hata nahodha akicheka.

Ugumu mkubwa wa vuli, hata hivyo, hauko majini. Uko kwenye udongo wa Serengeti magharibi.

Lango la Ndabaka, wilayani Bunda, liko kando kabisa ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuingia hifadhini kwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Mtu anatoka kwenye lami, analipa, anaingia. Tatizo ni kwamba ukanda huu wa magharibi, kati ya mito ya Grumeti na Mbalageti, umelaliwa kwa sehemu kubwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambamo mguu huingia. Ukilowa huvimba, nyufa hufunga, maji hayapiti tena, na juu hubaki utelezi unaonata kwenye tairi hadi tairi linakuwa gurudumu la tope tupu. Foo-wili husaidia, lakini haifanyi miujiza, na dereva wa Noah anayesema "tutapita tu" asisikilizwe. Mvua moja kubwa ya alasiri inaweza kuifanya njia ya pembeni isipitike hadi kesho yake mchana, hata kama asubuhi jua linawaka. Madereva wazoefu hubaki kwenye barabara kuu yenye changarawe, na wanajua pa kugeuzia.

Na wanyama? Nyumbu wanaohama, zaidi ya milioni moja pamoja na pundamilia na swala tomi, hupita ukanda wa magharibi kati ya Mei na Julai, si Novemba. Wakati wa vuli wanatoka kaskazini, upande wa Kogatende na Maasai Mara ya Kenya, kwenda nyanda za kusini-mashariki ambako majivu ya kale ya volkano yamezipa nyasi fupi madini mengi, hasa fosforasi na kalsiamu, ambayo majike wenye mimba huyahitaji. Huko hakuna maji ya kudumu, kwa hiyo hawawezi kwenda kabla mvua haijanyesha. Mvua ikiwahi, wanawahi. Ikichelewa, wanazunguka kaskazini, na wakati mwingine hugeuka nyuma kabisa. Hakuna wakala anayeweza kuahidi mahali walipo wiki ya pili ya Desemba, na anayeahidi anauza maneno.

Jambo hili halipo Serengeti peke yake. Mjini Churchill, mkoani Manitoba nchini Kanada, pembezoni mwa Aktiki, watalii hufika Oktoba na Novemba kuwaona dubu weupe waliokusanyika pwani wakingoja maji ya Hudson Bay yagande ili watoke kuwinda sili juu ya barafu. Vitanda huagizwa mapema sana, lakini barafu haiagizwi. Mwaka ikiganda mapema, dubu huondoka na mgeni hukuta pwani tupu; mwaka ikichelewa, mgeni anaona dubu wengi waliokonda kwa njaa. Wenyeji wa huko walijifunza zamani kuuza mwanzo wa baridi kama ulivyo, pamoja na shaka yake. Mara haijafika hapo. Vipeperushi vya utalii wetu bado vinaandika miezi kana kwamba mvua ilitia saini mkataba.

Wapo pia wageni wanaoikimbia Aktiki yenyewe na kuja huku. Ndege wadogo wa ufukweni, wenye uzito wa gramu ishirini na kitu, huzaliana kwenye tundra ya kaskazini mwa Urusi na Skandinavia, na kabla baridi haijawafikia huja Afrika. Kuanzia Septemba hadi Novemba huonekana kwenye matope ya fukwe za ziwa na mabwawa, wakichokoachokoa wadudu. Mbayuwayu wa Ulaya hufika vilevile, na korongo weupe huifuata mvua Serengeti kwa sababu ya panzi na viwavijeshi. Kwa mpenzi wa ndege, vuli ndiyo msimu wa kwanza kwa ubora, na Ndabaka iko jirani na Ghuba ya Speke, mahali ambapo ndege wa maji na wa mbugani huonekana siku moja. Kwenye miti ya Mto Grumeti wapo mbega weusi kwa weupe, nao hawahami. Mamba wa Kirawira, kwenye mto huohuo, vilevile hawaendi popote. Mbung'o nao wapo, na hupenda nguo za bluu na nyeusi, hivyo suruali ya dengrizi ibaki hotelini.

Butiama ndiko mahali ambapo mvua haimharibii mtu siku. Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla ya kifo chake cha Oktoba 14 mwaka huohuo, na kaburi lake liko Mwitongo, kwenye boma la baba yake, Chifu Burito. Oktoba 14 yenyewe umati ni mkubwa. Anayetaka kusoma maelezo kwa utulivu achague siku nyingine. Mvua ina historia yake hapa. Mtoto aliyezaliwa Aprili 13, 1922, katikati ya masika, aliitwa kwanza Mugendi, kisha kwa ushauri wa mganga wa Kizanaki akapewa jina la Kambarage, ambalo ni la pepo wa mvua. Baada ya makumbusho, vilima vya mawe vya Butiama hupandika asubuhi. Alasiri, radi ikinguruma, mtu ashuke.

Musoma nayo ina utaratibu wake wa vuli. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta dagaa juu. Asubuhi dagaa huanikwa kwenye mchanga au vichanja, na hapo ndipo mvua huwatia hasara: dagaa waliolowa huoza au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Anayetaka kubeba dagaa wazuri kutoka Mwigobero, hapohapo mjini, anunue baada ya siku mbili tatu za jua, na aulize wameanikwa wapi. Wa vichanjani hawana mchanga.

Anayeendelea kaskazini kuelekea Tarime na Sirari atavuka Daraja la Kirumi kwenye Mto Mara. Mto huu unatoka msitu wa Mau nchini Kenya, kwa hiyo hujaa kwa mvua ya huko. Mabwawa ya kandokando yake yanaweza kufurika huku Musoma kukiwa na vumbi, na njia za vijiji vya bondeni zikafungwa bila tone moja kuonekana mjini.

Mpango unaofaa kwa vuli basi ni huu: Butiama na Musoma zipewe tarehe, kwa kuwa zinavumilia mvua. Serengeti ipewe dirisha la siku tatu au nne, na iingiwe ile asubuhi inayofuata alasiri kavu. Malazi ya Bunda mjini huliwezesha hilo, kwa kuwa mtu hulala nje ya hifadhi na kuamua alfajiri. Ziwa liachiwe saa za katikati ya asubuhi, baada ya kusoma utabiri. Chandarua kitumike kila usiku, kwani mbu wa vuli huzaliana upesi na malaria ya Kanda ya Ziwa si ya kuzoea.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa vuli kila mwaka, kwa kawaida karibu na mwisho wa Agosti, ikieleza kama mvua itakuwa juu ya wastani, ya wastani au chini ya wastani, na wiki inayotarajiwa kuanza. Mwenye likizo ya Desemba ausome kabla ya kulipa kitu. Na asubuhi ya safari apige simu lango la Ndabaka, aulize swali moja tu: barabara ya Kirawira inapitika leo?