Mtoto Asiyeuona Ubao

Ugonjwa wa macho unapotajwa katika kata ya Chanzuru, wilayani Kilosa, wengi hukumbuka usubi. Kilosa ni miongoni mwa wilaya za Tanzania zilizogawiwa dawa ya aivamektini kwa sababu ya maradhi hayo, yaenezwayo na inzi wadogo weusi wazaliwao katika mito iendayo kasi. Tatizo la macho linalowakwamisha wanafunzi wengi ni la namna nyingine. Halileti muwasho wala wekundu, na jicho lenyewe huonekana zima.

Mtoto mwenye upungufu wa kuona hana cha kulinganisha. Hudhani kila mtu huuona ubao wenye ukungu. Hamwambii mwalimu. Hunakili kwa jirani, hukunja uso, huinama hadi pua ikaribie daftari, au huacha kuandika. Katika darasa lenye wanafunzi wengi ni rahisi kumhesabu mvivu, na akishaitwa mvivu hakuna atakayefikiria kumpima macho.

Upungufu ulio wa kawaida ni ule unaorekebishwa kwa miwani. Asiyeona mbali hukosa ubao. Mwenye shida ya kuona karibu huweza kuusoma ubao, lakini kitabu humchosha na kumtia maumivu ya kichwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 nchini China ulionyesha kuwa wanafunzi waliopewa miwani ya bure walipata alama bora zaidi za hesabu. Hata hivyo, kupewa si kuvaa. Katika utafiti uliofanywa kwenye shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, baada ya miezi mitatu hata nusu ya waliopewa miwani bure hawakuwa wakiitumia. Kwa walioandikiwa tu wakanunue, ilikuwa takriban robo. Wapo wanaoogopa kuchekwa, na wapo wazazi wanaoamini kuwa miwani huharibu macho. Imani hiyo haina msingi.

Jicho zembe lahitaji uangalifu zaidi. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona kama unavyojifunza kusema. Jicho moja likiwa na makengeza, au likileta picha yenye ukungu kuliko lingine, ubongo hulipuuza, na uwezo wake hudumaa. Mtoto huyo akipimwa macho yote mawili yakiwa wazi huonekana mzima. Ndiyo maana kila jicho hupimwa peke yake. Tiba huanza kwa miwani, kisha jicho zima huzibwa kwa kibandiko ili lile zembe lilazimike kufanya kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa, kwa jicho zembe la kiwango cha kati, kuziba saa 2 kwa siku kulileta nafuu sawa na saa 6. Hiyo ni habari njema kwa mama ambaye mwanawe hulia kila akibandikwa. Matokeo huwa bora zaidi kabla ya umri wa miaka 7, ingawa hata baadaye si bure kujaribu. Kuziba bila ratiba ya mtaalamu kwaweza kulidhoofisha jicho zima.

Wapo pia watoto ambao macho yao hushindwa kukutana vema wanaposoma, maneno yakaonekana mawili mawili. Hao husaidiwa na mazoezi ya macho kwa wiki kadhaa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019 haukuona mazoezi hayo yakiongeza ufahamu wa kusoma kuliko mazoezi ya kuigiza. Mtoto mwenye disleksia anahitaji kufundishwa kusoma kwa njia maalumu. Mzazi asiuze mbuzi kulipia mazoezi ya macho yanayoahidi kumponya.

Kwa mhudumu wa zahanati, chati ya herufi E, umbali wa mita 6 na kiganja cha kuziba jicho vyatosha kuanzia. Mtoto asiyejua kusoma huonyesha kwa vidole upande ambao miguu ya herufi imeelekea. Anayeshindwa mstari wa 6/12 kwa jicho lolote apewe rufaa. Mwenye weupe ndani ya mboni asisubiri hata wiki moja: huenda ni mtoto wa jicho, au saratani. Barua ya rufaa itaje pia tarehe ya kurudi kliniki, kwani aliyeondolewa mtoto wa jicho bado atahitaji miwani, na mara nyingi kibandiko, kwa miezi mingi baada ya upasuaji.