Jirani wa juu anapoloesha dari yako: anza na chumba cha mtoto

Dar es Salaam. Doa la kwanza huwa dogo, la rangi ya chai, pembeni mwa taa. Wiki ya pili limefika kwenye kona, jipsamu imeanza kuvimba, na chumba cha watoto kinanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Juu yako anaishi jirani mwenye bafu linalovuja. Umeshamwambia mara tatu, na kila mara anakujibu kwamba fundi atakuja Jumamosi.

Wanaoishi kwenye ghorofa wanaijua orodha ya kero: sabufa inayotikisa madirisha hadi saa saba usiku, mpira unaovunja taa ya gari, maji yenye jiki yanayodondokea nguo ulizoanika chini. Lakini linaloharibu vitu vingi kuliko yote ni maji ya juu, nalo ndilo linalofika hadi kwenye kifua cha mtoto.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo. Ulieleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye hali hiyo wamo kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya upumuaji na pumu. Mtoto ambaye tayari ana pumu huathirika mapema. Anakohoa zaidi usiku na alfajiri, anapiga chafya, kifua kinatoa mlio. Wazazi wengi humpa dawa ya kikohozi wiki baada ya wiki huku kitanda kikiwa kimegusa ukuta uleule wenye weusi.

Kwa hiyo, kabla hujapanda ngazi kwenda kugombana, hamisha kitanda. Kama una chumba kimoja tu, kiweke mbali na ukuta uliolowa, fungua madirisha mchana na toa zulia. Mtoto akipumua kwa shida hadi mbavu zinaingia ndani, akashindwa kuongea au kunyonya, au midomo ikabadilika rangi, hiyo ni safari ya hospitali muda huohuo.

Na kama maji yanatokea kwenye taa au karibu na soketi, zima umeme kwenye swichi kuu ukiwa umesimama mahali pakavu, halafu mwite fundi umeme. Usiiguse taa hiyo kwa ufagio wala kwa mkono.

Maji yanatoka wapi?

Ugomvi mwingi huanza kabla swali hili halijajibiwa. Dar es Salaam tuna sababu moja ya kwetu kabisa: mgawo. Jirani anafungua bomba, anakuta hakuna maji, anaondoka bila kulifunga. Yanarudi saa tisa usiku akiwa kazini au safarini, na kufikia asubuhi sebule yako imekuwa bwawa. Wakati wa mgawo wa mwaka 2022 jambo hili lilitokea hata kwa watu waangalifu. Huo ni uzembe wa mtu, na dawa yake ni kufunga bomba.

Maji yanayodondoka polepole kila siku ni habari nyingine. Muombe jirani afunge mabomba yake yote kwa muda, kisha mwangalie mita yake. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Kama mita imetulia na dari inalowa tu baada ya watu kuoga, tatizo huenda liko kwenye bomba la maji machafu au kwenye vigae vya bafu vilivyoachia. Hapo jirani wako huenda ni mpangaji kama wewe, na ukarabati unaomdai si wake bali ni wa mwenye nyumba.

Piga picha tangu siku ya kwanza, tarehe ikionekana. Andika kila kilichoharibika na bei uliyokinunulia, na kama risiti ipo iweke. Fundi akija kukagua, muombe aandike alichokiona kwenye karatasi na asaini. Mambo haya yanachosha, lakini bila hayo utabaki na maneno yako dhidi ya maneno yake.

Kisha nenda ukaongee naye ana kwa ana, jioni, si saa kumi na mbili asubuhi kila mtu akikimbilia daladala. "Hodi, Mama Neema. Habari za jioni? Samahani kwa kukusumbua, naomba ushuke kidogo uone dari ya chumba cha wanangu." Akiwa mtu mzima kuliko wewe, shikamoo kwanza, hata kama moyo unachemka. Sentensi ya kumwomba aone ina nguvu kuliko ile ya kumwambia umeniharibia, kwa sababu wengi hawajawahi kuiona dari yao kwa upande wa chini. Mkikubaliana, mtumie ujumbe mfupi siku hiyohiyo: tumekubaliana fundi aje lini, na nani analipa nini.

Kundi la WhatsApp la jengo si mahali pa kuanzia. Nimeona picha ya dari ikirushwa humo na kufikia usiku watu kumi na wawili wasiohusika wanatukanana, huku maji yakiendelea kudondoka. Watoto nao wasitumwe kupeleka maneno. Ni wao watakaokutana kwenye ngazi kesho, na mtoto aliyekatazwa kucheza na wenzake kwa kosa la bafu anaadhibiwa bure.

Akikataa

Mwandikie mwenye nyumba wako, na nakala ubaki nayo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaingiza kwenye mkataba wa pango wajibu wa mwenye nyumba hata kama haukuandikwa: mpangaji akae kwa utulivu na, pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu pamoja na njia na mitambo ya pamoja. Wengi wetu tulilipa kodi ya miezi sita kupitia dalali bila kusoma ukurasa wa pili wa mkataba. Usome sasa. Usizuie kodi kwa hasira, maana unaweza kugeuka wewe ndiye uliyevunja mkataba.

Kwa walionunua fleti, ipo sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo, na wamiliki wana chama cha kusimamia maeneo ya pamoja. Malalamiko yaandikwe huko.

Hatua inayofuata ni mjumbe wa shina, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Wengine hudharau ofisi hii, lakini jirani aliyepuuza simu zako tano mara nyingi huitikia barua yenye muhuri wa mtaa. Suala likishindikana hapo, kuna usuluhishi wa Baraza la Kata, na dai la fidia hupelekwa mahakamani. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 wanaweza kukuelekeza bila malipo.

Polisi ni kwa aliyeharibu kwa makusudi: aliyekwaruza gari baada ya ugomvi, aliyevunja kioo akijua. Hilo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Bomba lililopasuka lenyewe si jinai, na kumtishia jirani kwa polisi kwa sababu hiyo kunafunga mlango uliokuwa bado wazi.

Kelele hufuata njia hiyohiyo, na kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinaweka viwango vya sauti. Andika siku na saa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi; kumwambia jirani kwamba mwanao ana mtihani na analala saa tatu kuna uzito kuliko kumwambia muziki wake ni mbaya.

Uvujaji ukishazibwa, usikimbilie rangi. Ukungu uliofunikwa kwa rangi huota tena. Sugua ukuta kwa maji na sabuni ukiwa umefunika pua na mdomo, watoto wakiwa nje, na uache ukauke kabisa. Ukitumia jiki, usiichanganye na dawa ya kusafishia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Godoro lililolowa ndani na likapitisha siku mbili bila kukauka halifai tena kulaliwa na mtoto. Lipige picha kabla hujalitupa, na bei yake uiweke kwenye orodha ya madai.