Ruzuku Inayokomea Kwenye Uzinduzi

Julai 1995, katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, CCM ilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais. Kufikia siku hiyo, ahadi kubwa ya maji vijijini ilikuwa imepitwa na wakati kwa miaka minne. Mpango wa miaka 20 ulioanza 1971 ulisema kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atachota maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Vijiji vya Ugogo, mkoani Dodoma, kama vingine vingi nchini, viliufikia mwaka huo vikiwa na mashine zilizokufa.

Kushindwa huko hakukutokana na uzembe mtupu. Serikali ilikuwa imejitwika ujenzi na uendeshaji vyote viwili, dizeli ikiwemo. Ilipoishiwa fedha za kigeni baada ya Vita vya Kagera, mafuta na vipuri viliadimika. Aliyekuwa analipia kila kitu hakuwa na kitu.

Serikali ya Mkapa ikageuza mambo. Sera ya Maji ya 2002 iliwataka wanavijiji wachangie sehemu ya ujenzi na wabebe gharama zote za uendeshaji. Kwa kijiji chenye kahawa au mvua mbili kwa mwaka hesabu hiyo huenda ikakaa sawa. Dodoma ina msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na wastani wa mvua hauzidi sana milimita 550. Masika watu huchota bure kwenye malambo na mashimo ya mchanga mitoni, mauzo ya ndoo yanaanguka, na kamati ya maji haiweki akiba. Kiangazi foleni inarudi, pampu inafanya kazi mchana kutwa, na ndipo inapoungua. Mwaka ambao mtama na uwele vimekauka, familia inatakiwa kununua maji mengi zaidi wakati haina hata gunia la kuuza. Sijui ni mhasibu gani angeisawazisha hesabu hiyo.

Matokeo yalionekana. Uchambuzi wa WaterAid wa 2009 ulikuta kwamba robo ya vituo vipya vilikuwa havitoi maji ndani ya miaka miwili. Uhakiki wa vituo vya nchi nzima, miaka michache baadaye, ulionyesha takriban vinne kati ya kila kumi havifanyi kazi.

Tangu hapo fedha zimeongezeka, hilo halibishaniwi. Mwaka wa fedha 2015/16 ulianza na tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya Mfuko wa Maji. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 350 kwa maji na usafi vijijini, malipo yakitegemea matokeo. Julai 2019 RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaanza kazi, na kamati za vijiji zikaanza kuunganishwa kuwa vyombo vikubwa vya watoa huduma. Pampu za jua nazo zimeondoa adha ya dizeli sehemu nyingi.

Hata hivyo fedha bado zinapenda tanki jipya. Mbunge huulizwa jimboni amejenga mradi gani. Haulizwi ni pampu ngapi zimebadilishwa. Na maji yenyewe hayana uhakika, huku mji nao ukikua: sensa ya 2022 iliwakuta watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, wanaotegemea zaidi visima vya Makutupora. Vipimo vilivyowekwa huko tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba maji ya ardhini hujazwa hasa na mvua kubwa za nadra, kama zile za El Niño za 1997/98, si na mvua za kila mwaka.

Bei ya ndoo inaweza kumlipa mhudumu wa kisima na kubadilisha koki. Haiwezi kununua pampu ya kisima kirefu, wala haipaswi kutarajiwa kufanya hivyo kwenye ardhi hii. Gharama hiyo ndiyo ruzuku ingeibeba, ikitengewa fungu lake ngazi ya wilaya, na kutolewa Oktoba pampu inapoungua, si katika bajeti ya mwaka unaofuata.