ATAR ya Australia: kwa nini 68 ya kule si 68 ya diplome ya État

Kila mwaka, katikati ya mwezi wa 12, simu za Uvira, Baraka, Bukavu na Goma zinaanza kupokea ujumbe kutoka Australia: mutoto wa ndugu amemaliza sekondari, amepata 68. Huku kwetu 68 kwenye diplome ya État ni kutafuta poda na kumwaga kwenye kichwa cha finaliste. Kumbe kule mutoto mwenyewe amejifungia chumbani. Mara ingine inakuwa kinyume. Mutoto amepata 48, bibi yake wa Uvira analia kama vile mutoto ameanguka mutihani, na hakuna mutihani alioanguka.

Shida ni kwamba ile namba ya Australia si asilimia. Ni nafasi.

Inaitwa ATAR. Inaanzia 0 na kufika 99.95, na inapanda kwa hatua ya 0.05. Majimbo mengi ya Australia yaliianza mwaka 2009 na 2010. Queensland ilikuja nyuma, mwaka 2020, kisha kuacha mupango wake wa zamani uliopanga wanafunzi kutoka 1 mpaka 25. Ni hiyo namba ambayo universite nyingi zinaangalia mbele ya kumupokea mutoto anayetoka sekondari.

Mutu aliyesoma Kongo ana kitu cha kumusaidia kuelewa, nacho ni bulletin. Kwenye bulletin yetu kuna vitu viwili kandokando: asilimia, na chini yake nafasi, tuseme wa 3 kati ya 42. Mzazi anauliza vyote viwili: «Umepata ngapi? Umekuwa wa ngapi?» Wakati wa diplome ya État, swali la pili linapotea, inabaki asilimia tu, na 50 ndiyo mulango. Australia inafanya kinyume. Kwa kuingia universite inaacha asilimia, inabaki na «wa ngapi». ATAR ya 80 maana yake mutoto amewapita watu 80 kwa 100 wa umri wake. Si kusema alijibu maulizo 80 kwa 100.

Na wale «watu wa umri wake» si wale tu waliofika mwaka wa mwisho. Wanahesabiwa hata walioacha masomo njiani, nao wanawekwa nyuma. Ni kama vile darasa la 6 lingepanga nafasi zake pamoja na wote walioanza sekondari mwaka ule, hata yule aliyeenda kuchimba dhahabu. Ndiyo sababu, kati ya wale wanaopewa ATAR, katikati haiko 50 bali karibu 70. Mwenye 68 yuko karibu kabisa na katikati ya wenzake waliomaliza: si wa kumwaga poda, si wa kujifungia chumbani. Na mwenye 48 hajaanguka, juu ATAR haina mustari wa kuanguka. Diplome yake ya sekondari anaipata kwa njia ingine, kwa kumaliza masomo aliyochagua.

Sasa, watoto wenyewe na wazazi wao hawangojei mwezi wa 12. Kuanzia katikati ya mwaka wanataka kukadiria: na pointi hizi za masomo, ATAR itakuwa ngapi? Kwenye intaneti kuna programu nyingi za kuhesabia. Mutoto anaingiza pointi, namba inatoka. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, na familia ya huku inapotea pamoja nao kwenye simu.

Tuchukue jimbo la New South Wales, ambamo kuna muji wa Albury wenye familia nyingi za Wakongomani waliofika kwa njia ya ukimbizi. Diplome ya kule inaitwa HSC. Katika kila somo, nusu ya pointi inatoka kwenye mutihani wa jimbo unaofanywa mwezi wa 10 na wa 11, nusu ingine inatoka kwa kazi alizopimwa shuleni. Lakini pointi za shule haziingii vile mwalimu alizitoa. Wazazi wa Kongo wataelewa sababu bila kuelezwa sana: kuna mashule ambamo darasa nzima inapata 75, na kuna ingine ambamo padri hajawahi kumupa mutu 70. Kwa hiyo jimbo linaangalia namna wanafunzi wa shule ile walivyofanya katika mutihani, kisha linapanda ao kushusha pointi za shule zifanane na matokeo yale. Kinachobaki ni nafasi za wanafunzi na umbali kati yao. Aliyekuwa wa kwanza shuleni katika chimie anapewa, kwa ile nusu ya shule, pointi kubwa kabisa ambayo mutu wa shule yake alipata katika mutihani wa chimie, hata kama si yeye aliyeipata.

Hivi mutoto aliye na 90 shuleni anaweza kuona ile 90 inakuwa 76 kama shule yake ilikuwa inatoa pointi bure. Na mwenye 65 katika shule kali anaweza kupanda. Pointi ya mwalimu peke yake haisemi kitu, nafasi inasema. Tena kuna jambo la ajabu hapa: mwanafunzi wa kwanza anafaidika akiwasaidia wenzake, juu kama darasa linafanya vizuri mutihani, nusu yake ya shule inapanda nalo.

Kisha inakuja kazi ya pili, ya ofisi ingine inayoitwa UAC. Hii inapima upya masomo yenyewe, moja kwa lingine. Haiulizi kama somo ni gumu. Inauliza waliochagua somo hilo walifanya namna gani katika masomo yao mengine. Kama wengi wao ni wenye nguvu kila mahali, pointi za somo hilo zinashikwa juu. Kama sivyo, zinashuka. Mutoto mwenye 80 katika Mathematics Standard na mwenzake mwenye 80 katika Mathematics Extension 2 wanatoka hapo wakiwa mbali sana. Mwishoni UAC inajumlisha yuniti 10: mbili za Kiingereza ni lazima, na nane bora za masomo mengine. Jumla ni juu ya 500. Ile jumla ndiyo inapangwa kwa mustari kupata nafasi.

Kutoka hapo unaona kosa la kwanza la makadirio. Zile programu zinaomba pointi za HSC za mwisho, mutoto anaingiza pointi za shule, ao za mutihani wa majaribio. Hizo si kitu kimoja. Tena programu inatumia upimaji wa mwaka uliopita, na kila mwaka unapimwa upya. Basi namba yenye nukta na vidogo vyake, 71.35, inaonyesha uhakika ambao haupo. Makadirio ya haki yanasema «kati ya 65 na 75», na yanaanza na maulizo matatu kwa mwalimu wa kila somo: mutoto ni wa ngapi, kati ya wangapi, na mwaka jana mwenye nafasi kama hiyo katika shule hii alipata ngapi katika HSC?

Kosa lingine linatoka huku kwetu. Mjomba anapiga simu: «Chukua hesabu zile ngumu, zinaongeza pointi!» Zinaongeza kwa anayezifanya vizuri. Anayekuwa wa mwisho katika somo la wenye nguvu anaweza kupata kidogo kuliko angepata katika somo alilolipenda. Kwa mutoto aliyeanza kusoma kwa Kiingereza miaka mitano iliyopita ao chini, kuna somo la Kiingereza linaloitwa EAL/D, lililowekwa kwa ajili yake, na linahesabiwa katika zile yuniti mbili. Kulikataa kwa haya ni hasara.

Na haya yote ni ya jimbo moja. Ukivuka daraja la mto Murray kutoka Albury unaingia Wodonga, jimbo la Victoria, ni kama kutoka Goma kuingia Gisenyi: kule kila somo linapimwa juu ya 50, katikati ni 30. Queensland nayo, kazi za shule zinabeba 75 kwa 100 katika masomo mengi, na 50 kwa 100 katika hesabu na sayansi. Programu ya jimbo moja haifai kwa jimbo lingine, ingawa ATAR inayotoka inasomwa sawasawa kila mahali.

Kuna kitu ambacho hakuna programu inayokihesabu, na ni hicho kinachogusa watoto wa Kivu zaidi. Universite haichagui kwa ATAR tupu. Inaweza kuongeza pointi kwa mutoto ambaye masomo yake yalikatwakatwa, aliyetatizika na lugha, ao aliyepitia ukimbizi. ATAR yake haibadiliki, lakini nafasi yake mbele ya universite inapanda. Katika New South Wales mupango huo unaitwa Educational Access Schemes. Hauji wenyewe: unaombwa, na mashahidi ya maandishi, mbele ya tarehe iliyowekwa. Mutoto aliyeona 62 kwenye simu yake mwezi wa 8 na kuacha kuandika maombi anakosa mulango ambao pengine ungefunguka.

ATAR ikitoka mwezi wa 12, kunabaki bado siku chache za kubadilisha orodha ya masomo aliyoomba. Ni siku hizo ambapo simu ya kutoka Uvira inaweza kusaidia, ikiuliza «umewapita wangapi?» mbele ya kuuliza «umepata ngapi?»